Jina Mdomoni, Jina Mkononi

Mtu hupewa jina kabla hajawa na ulimi wa kulikataa. Hulisikia kabla hajalifahamu, huliitika kabla hajajua maana yake, na aghalabu huwa amekwisha kulizoea siku anapoliona kwa mara ya kwanza likiwa limeandikwa. Siku hiyo jina lililokuwa mali ya midomo ya mama, bibi na majirani huwa pia mali ya kalamu, na kalamu ina mwenyewe. Ni nani basi mwenye haki ya kuamua jina la mtu liandikwe vipi? Ni mzazi aliyelitoa, karani aliyeliandika, dola inayolihifadhi, au yule anayeitika linapotajwa?

Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wenye nafasi ya kukaa na kufikiri. Lakini laweza kupimwa katika nchi mbili zisizofanana kwa lolote. Moja ni Japani, ambako maandishi ya jina yana utajiri kuzidi sauti yake. Ya pili ni nyanda za juu za Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambako sauti ya jina ina utajiri kuzidi maandishi yake. Mizani ikiinama huku na huku, ndipo uzito wa jambo lenyewe unapoonekana.

Wajapani huandika lugha yao kwa aina tatu za maandishi zinazotumika kwa pamoja. Mbili ni za silabi, nazo hufuata sauti tu. Ya tatu ni herufi zilizotoka China zamani, ambazo kila moja hubeba maana yake. Majina ya wanaume aghalabu huandikwa kwa herufi hizo za maana. Jina Akira, kwa mfano, laweza kuandikwa kwa njia nyingi. Mtengenezaji filamu Akira Kurosawa aliliandika kwa herufi inayoweka jua na mwezi kando kwa kando, maana yake mwanga. Jina Makoto laweza kuandikwa kwa herufi ya ukweli, au kwa herufi nyingine inayounganisha alama ya usemi na alama ya kutimia, kana kwamba mwaminifu ni mtu ambaye neno lake limetimia. Kenzaburo Oe, mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1994, alibeba ndani ya jina lake herufi ya afya, na baada yake herufi za mwana wa kiume wa tatu.

Kwa hiyo kulisikia jina la Mjapani si kulijua. Wanaume wawili wenye jina moja masikioni waweza kuwa na majina mawili karatasini, mmoja ameombewa hekima, mwingine siha. Na kinyume chake ni kweli pia: herufi moja yaweza kusomwa kwa sauti mbalimbali, hata msomaji mahiri akalazimika kumwuliza mwenye jina. Kwa miaka mingi daftari la familia, ambalo ndilo msingi wa uraia nchini humo, lilihifadhi herufi za jina bila kuhifadhi matamshi yake. Ni tarehe 26 Mei 2025 tu ndipo sheria iliyorekebishwa ilipoanza kutaka matamshi nayo yaandikwe humo.

Utajiri huo haukuachwa bila mipaka. Sheria imeweka orodha: herufi 2,136 za matumizi ya kawaida na nyingine 863 zilizoruhusiwa kwa majina, pamoja na zile za silabi. Hata hivyo orodha haikumaliza mjadala. Mwaka 1993, katika mji wa Akishima mkoani Tokyo, wazazi walitaka kumwandikisha mtoto wao wa kiume kwa jina Akuma, yaani ibilisi. Hakuna herufi hata moja iliyokatazwa. Kilichokataliwa ni maana. Shauri lilifika mahakamani, na hatimaye wazazi wakamchagulia mtoto jina jingine. Mzazi ana haki ya kuchagua herufi, lakini atakayeishi nazo si yeye.

Sasa itazamwe hali ya mgeni katika maandishi hayo. Mwezi Desemba 1983, katika mbio ndefu za Fukuoka, Juma Ikangaa wa Tanzania alifuatana na Toshihiko Seko hadi mwisho, na Seko akamtangulia kwa sekunde chache. Jina la mshindi huandikwa kwa herufi za maana, na ile ya mwisho ni ya sifa ya kiume ya kale. Jina la Ikangaa huandikwa kwa silabi zinazotumika kwa wageni, zikitunza sauti, pamoja na alama ya kurefusha irabu ya mwisho. Maana haimo. Juma aliyepewa jina la siku yake huwa, katika karatasi ya Kijapani, mlio tu. Hakuonewa: mlio wake ulitunzwa kwa uangalifu. Lakini hapo pana funzo. Maandishi ya mwingine yakikupokea hukuchagulia kipi cha jina lako kiingie na kipi kibaki mlangoni.

Mlango huo ni mwembamba zaidi Kitulo. Mtu akiiacha reli ya TAZARA pale Makambako, akapita Njombe mjini na kupanda kuelekea Makete, hufika katika uwanda wa majani na maua ulio juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 2,600, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 413 hivi, kwa ajili ya kulinda maua yake. Katika ramani za wakoloni uwanda huo uliitwa Elton, kwa jina la James Frederic Elton, konsuli wa Uingereza aliyepita nyanda hizo mwaka 1877 na kufa kabla mwaka haujaisha. Jina la mwanamume aliyepita tu liliandikwa kwa tahajia sahihi juu ya nchi nzima. Majina ya wanaume waliochunga hapo hayakuhitajiwa na ramani.

Pembezoni mwa uwanda huo wanaishi Wawanji, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa, na upande wa Njombe na Makambako wamo Wabena. Majina yao si milio mitupu. Kwa Wanyakyusa, Asajile ni tamko zima: amebariki. Gwakisa ni wa huruma. Lwitiko ni imani, Ipyana ni neema, Lusajo ni baraka. Kile ambacho Mjapani hukiweka katika mchoro wa herufi, hawa hukiweka katika sauti yenyewe, na sauti ikiharibika maana haina pengine pa kukimbilia.

Tatizo ni kwamba Kinyakyusa, Kikinga na Kiwanji zina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Kati ya i na e iko sauti nyingine, na kati ya u na o iko nyingine. Wataalamu wa tahajia wamejaribu kuziandika kwa i na u zilizopigwa mstari katikati, lakini herufi hizo hazimo katika fomu za serikali. Tena Kinyakyusa hakina r, na karani aliyekulia mahali pengine, akishuku kwamba anasikia lafudhi, huweza kuirekebisha l iliyo sahihi ikawa r isiyokuwapo. Juu ya hayo kuna historia ya ubatizo. Wamisionari wa Kijerumani waliofika mwishoni mwa karne ya 19 waliacha Yohana na Yakobo katika vitabu vya kanisa. Shule za zama za Kiingereza zikawaita wana hao hao John na James.

Achukuliwe mzee wa kubuni, maana hana haja ya kuwa mmoja. Katika kitabu cha ubatizo ni Lwitiko Yohana. Katika cheti cha shule ni Ruitiko John. Katika kitambulisho ni Luitiko J., na katika hati ya shamba mwandishi aliyekuwa na haraka aliandika kama alivyosikia. Kijijini ni mtu mmoja, hana hata jina la utani. Katika makabati ya ofisi ni watu wanne. Siku anapodai kiinua mgongo, au siku wanawe wanapodai alichoacha, hutakiwa kuthibitisha kwa kiapo na kwa ada kwamba watu wanne hao ni yeye. Hakulikosea jina lake hata mara moja, maana hakuwahi kuliandika. Lakini ndiye anayelipia.

Hapo ndipo penye kiini cha maadili ya jambo hili. Herufi inayosemwa haina uzito wakati wa kuandika hupewa uzito wote wakati wa kulipa. Anayeambiwa “ni herufi moja tu, mzee wangu, haidhuru” siku ya kuandikishwa ndiye anayeambiwa “herufi hii haifanani” siku ya kudai haki yake. Taasisi haiwezi kwa uadilifu kushika kauli zote mbili. Ikiwa herufi ni jambo kubwa, basi iandikwe kwa kuuliza. Ikiwa ni jambo dogo, basi isizuie mkate wa mtu.

Yupo atakayepinga kwamba jina halipungui kwa kukosewa. Mfano upo jirani tu, kaskazini mwa Makambako. Mtawala wa Wahehe aliitwa Mukwavinyika, jina linalofasiriwa kuwa mteka nchi. Likafupishwa, na Wajerumani wakaandika Quawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, ulidai fuvu la Sultani Mkwawa lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954, nalo limewekwa Kalenga. Sifa yake haikupungua kwa tahajia yoyote. Nao watu wa huku walikuwa na kalamu yao ya mdomo: Emil von Zelewski, aliyeuawa Lugalo mwaka 1891, walimwita Nyundo, na huku ndilo jina lililobaki vinywani.

Jibu ni kwamba Mkwawa ana wa kumsemea. Jina kubwa hubebwa na umaarufu wake hata likiandikwa kombo. Mchungaji wa kondoo wa Matamba hana mkataba wa mataifa unaomtaja. Jina lake halina ngao ila karatasi, na karatasi ndiyo iliyomkosea.

Yupo pia atakayesema kwamba dola haiwezi kuongoza watu ambao kila mmoja anageuza tahajia yake apendapo. Ni kweli. Lakini uthabiti si sawa na umiliki. Daftari lina haki ya kutaka jina liandikwe kwa namna moja na lisibadilike ovyo. Halina haki ya kuichagua namna hiyo peke yake. Hata mzazi, kama shauri la Akishima lilivyoonyesha, hana mamlaka kamili. Wote wawili wameshika amana. Mzazi amemshikia mtoto ambaye bado hawezi kusema. Karani amemshikia mtu mzima ambaye anaweza kusema lakini hakuulizwa.

Wala msomaji wa pwani asidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p, v, g wala ch, na ambazo huziandika e na i kwa alama moja, na o na u kwa nyingine. Msomaji aliyafahamu majina ya watu kwa kuwa alikwisha kuwajua wenyewe. Kisha zikaja herufi za Kirumi, na tahajia ikasanifiwa kwa msingi wa Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na hadi leo Othman wa kisiwani huandikwa Athumani akivuka maji, na Khamis huwa Hamisi. Mtu wa visiwani anajua uchungu wa kuambiwa kwamba jina alilopewa na babu yake ni kosa la tahajia.

Lakini lugha hiyo iliyowahi kubanwa ndiyo leo inayobana. Karani anayeandika jina la Mwanji kule Matamba hutumia irabu tano za Kiswahili, na kwa irabu hizo huchuja saba. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Chujio halina ubaya, lina matundu tu. Ila mwenye chujio anao wajibu wa kujua ukubwa wa matundu yake. Kiswahili kimekuwa lugha ya ofisi, mahakama na shule za nchi nzima, na pamoja na heshima hiyo kimerithi deni la kila mwenye kalamu: kutodhani kwamba kisichoandikika kwake hakipo.

Dawa yake haihitaji herufi elfu mbili. Japani, ambako maandishi ni mengi hata kupotea ndani yake, hakuna aibu kumwuliza mtu jina lake linaandikwaje. Kutouliza ndiko kunakoleta makosa. Nyanda za juu, ambako maandishi ni machache hata hayatoshi, ulizo hilo lingefaa zaidi, nalo halina gharama. Karani angeuliza, angeandika, kisha angelisoma kwa sauti alichoandika, na mwenye jina angeitika au angekataa. Asiyejua kusoma anaweza kulisikia jina lake likisomwa na kujua kama ni yeye. Mtoto hakuweza kulikataa jina alipopewa. Mtu mzima aliyesimama mbele ya meza ya ofisi anaweza, na nafasi hiyo ndiyo anayostahili kupewa kabla wino haujakauka.