Dakika 48 za Kwenda Belém

Kutoka uwanja wa ndege wa Marabá hadi ule wa Belém, kaskazini mwa Brazili, ni takriban kilomita 450. Ndege ya abiria ilipangiwa dakika 48 kuumaliza mwendo huo. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1989, Boeing 737 ya shirika la Varig, iliyotoka São Paulo na kupitia vituo kadhaa, iliruka kutoka Marabá ikiwa na watu 54. Belém haikufika.

Kosa lilianzia kwenye karatasi. Mpango wa safari uliandika mwelekeo kwa tarakimu nne: 0270. Tarakimu ya mwisho ilisimamia sehemu ya kumi ya digrii, ila nukta haikuwekwa. Maana yake ilikuwa digrii 27, njia ya kaskazini. Rubani mkuu akasoma 270, akaiongoza ndege magharibi, kwenye kina cha msitu wa Amazon.

Kuteleza hivyo kwaweza kumpata yeyote, na ndiyo maana marubani huwa wawili. Rubani msaidizi alipaswa kusoma karatasi kwa macho yake, kisha aweke mwelekeo upande wake. Badala yake akaangalia alichoweka mkuu wake, akaweka kilekile. Tangu hapo vipimo viwili vikakubaliana, na kukubaliana huko kukaonekana kama uthibitisho, ilhali lilikuwa kosa moja lililoandikwa mara mbili.

Mashahidi wengine walikuwapo. Anayekwenda kaskazini jioni, jua humzamia mkono wa kushoto. Siku ile lilikuwa mbele yao. Dakika 48 zikatimia, na mji mkubwa kama Belém haukuonekana, bali giza la msitu tu. Wakahangaika angani, wakitafuta pa kushika, bila kurudi kwenye ile namba ya kwanza mapema vya kutosha. Baada ya zaidi ya saa tatu mafuta yakaisha, na ndege ikashuka juu ya miti usiku, injini zimezimika. Zaidi ya watu kumi walipoteza maisha. Waliobaki walikaa porini siku mbili, mpaka wachache wao walipotembea kwa miguu hadi shambani kuomba msaada.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Hayo ni ya mtembea kwa miguu, anayeweza kusimama kwenye kivuli akauliza. Aliye angani mafuta yake yana mwisho.

Funzo hili ni letu pia. Muuguzi anayethibitisha kipimo cha dawa, mhasibu anayetia saini ya pili, fundi anayekagua breki za basi kabla halijaondoka: kila mmoja amewekwa hapo ili aangalie upya, kutoka mwanzo. Tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na ni malezi mema. Lakini anayenakili jibu la mkubwa wake amemnyima msaada aliowekwa kumpa. Soma karatasi mwenyewe, fanya hesabu yako, ndipo ulinganishe. Na muda uliopangwa ukipita bila kufika, usiongeze mwendo kwa matumaini. Rudi kwenye namba ya kwanza, uulize ilitoka wapi.