Umepanda Meza kwa Pesa za Nani?



Wako akina baba ambao hutetea poka wakisema kwamba si kamari kama kamari nyingine. Gurudumu la ruleti halina akili, wasema, lakini katika poka mwenye subira na hesabu humshinda mwenye pupa. Sitabishana nao. Ni kweli ustadi una nafasi yake katika mchezo huo. Hata hivyo kasino haikai bure: hukata sehemu yake mezani, na kwa hiyo wachezaji wote wakijumlishwa hutoka na pesa pungufu kuliko walizoingia nazo. Na kile utakachoondoka nacho wewe kimetoka kwa yule aliyeketi mbele yako, ambaye naye huenda ana mke na watoto.

Leo lakini nataka tuzungumze juu ya kupanda meza. Kasino huwa na meza za dau dogo na meza za dau kubwa. Wachezaji wenye kujitawala hutenga fungu la mchezo, mbali kabisa na pesa za kula. Kanuni yao inayojulikana sana ni kwamba usiketi kama huna angalau mara 20 ya pesa za kuingilia mezani; wengine husema mara 30 au zaidi. Tuseme meza inataka shilingi 5,000. Basi uwe umetenga 100,000 au 150,000. Ukitamani meza ya shilingi 20,000, uwe na 400,000 kwenda juu. Fungu likipungua unashuka tena kwenye meza ndogo, bila kuona haya. Sababu ni kwamba hata mchezaji hodari hupatwa na majuma mengi ya karata mbaya, na asiye na akiba humalizwa kabla ustadi wake haujamfaa.

Sasa baba, hebu tupige hesabu. Nyumbani kwako ziko wapi shilingi 100,000 ambazo si za karo, si za kodi ya nyumba, si za mkopo wa ushirika, wala si za dawa ya mama yako mzazi? Kanuni za wacheza karata wenyewe zimekufungia mlango kabla padre hajasema neno. (Huona ajabu kwamba watu wa kasino wanaweza kuwa na utaratibu wa pesa mkali kuliko nyumba nyingi za Wakristo.)

Anayeujua mchezo na kukosa kiasi hufikia wapi? Mtazameni Stu Ungar wa Marekani, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa wa karata waliopata kuishi. Alishinda mashindano makuu ya poka ya dunia huko Las Vegas mwaka 1980, akashinda tena 1981. Lakini alichopata kwa karata alikipoteza kwa kubahatisha farasi na michezo, na kwa dawa za kulevya. Ndoa yake ilivunjika. Mwaka 1997 hakuwa hata na dola 10,000 za kiingilio, mwenzake alimlipia. Alishinda kwa mara ya tatu, dola milioni moja, wakagawana, naye alikuwa amebeba picha ya binti yake siku zote za mashindano. Kabla mwaka mwingine haujaisha, Novemba 1998, alikutwa amekufa katika chumba cha moteli, mwenye miaka 45. Marafiki walichanga pesa za kumzika. Mtu huyu hakupungukiwa na ustadi, wala hakuna sababu ya kudhani kwamba hakumpenda mwanawe.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, awakumbusha kwamba mwanariadha hujizuia katika mambo yote. Neno hilo, yote, ndilo gumu. Kuna mtu anayejizuia vizuri sana mezani, huacha karata mbaya bila uchungu, kisha akishindwa usiku mmoja hasira humpanda. Hapo hasubiri tena. Huhamia meza kubwa ili arudishe upesi kabla mama watoto hajajua. Angalieni kinachompandisha: kuogopa kuulizwa nyumbani.

Kanisa halisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Katekisimu, namba 2413, yafundisha kwamba michezo hiyo huwa haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wengine, na yaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kuwa utumwa. Wale “wengine” kwako ni nani kama si mkeo na wanao? Siku ya arusi mlijitoa ninyi wenyewe, mmoja kwa mwenzake. Mshahara haukubaki nje ya kanisa. Kwa hiyo mume asemaye, “Nimejiwekea mpaka,” na mkewe haujui mpaka huo, kwa maoni yangu hana mpaka. Atausogeza saa nane za usiku na hakuna wa kumwuliza.

Nawe mama, usifurahie mapema. Alipokuletea kitenge na kiatu kipya, uliuliza pesa zimetoka wapi? Wapo wake wanaopokea ushindi kwa vigelegele na kupokea hasara kwa matusi. Mume wa namna hiyo hujifunza haraka kuleta habari za upande mmoja tu. Tena akina mama nao hucheza, hasa siku hizi ambapo kamari iko ndani ya simu na shilingi hutoka kwa kubonyeza kidole.

Basi Jumamosi hii, watoto wakishalala, ketini na daftari. Andikeni kwanza karo, kodi, chakula, mchango wa jumuiya na madeni. Mume aandike deni lake lote, hata lile la rafiki ambaye mke hamjui; mke vilevile. Kama pesa za mchezo zimekwisha kupita mpaka na mkono haukubali kuacha, kadi ya benki na ikae kwa mwenzio kwa muda, na mwoneni padre au mshauri mnayemwamini mkiwa wawili. Anayeandika asikatizwe mpaka amalize.