Michi Miwili Katika Kinu Kimoja



Katika nyumba nyingi ugomvi hauanzi kwa jambo kubwa. Hauanzi kwa fedha, wala kwa pombe, wala kwa mashemeji. Huanza kwa viatu. Mmoja ameshavaa viatu vyake, amesimama mlangoni, mwavuli mkononi. Mwingine angali anatafuta kitambaa cha kichwa, au angali anakunywa chai yake kwa utulivu kana kwamba matatu itamngojea. Aliye mlangoni huita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti, na mara ya tatu hutamka lile neno: "Wewe ni mvivu." Aliye ndani naye hujibu: "Na wewe unaniswaga kama ng'ombe." Hata kabla hawajafika barabarani, kila mmoja ameshahukumu tabia nzima ya mwenzake, na kisa chenyewe ni dakika kumi.

Leo basi tulitazame jambo hili kwa makini. Je, wepesi ni fadhila, na utaratibu ni kosa? Au yote mawili ni maumbile tu, kama sauti nene na sauti nyembamba? Na ikiwa ni maumbile, je, yafaa mtu ajitetee siku zote kwa kusema, "Ndivyo nilivyo"?

Kila mtu na mwendo wake

Mwendo tunaousema hapa si wa miguu peke yake. Ni kile kipimo kilichomo ndani ya mtu, kinachouambia mkono urudi lini, mguu uinuke lini, na neno litoke lini. Ukitaka kukiona, usimwulize mtu. Mtazame anapofanya kazi ndogo ambayo haimpi mawazo. Wape akina mama wawili maharagwe wachambue, kila mmoja na uteo wake. Vidole vya mmoja vitadonoa kama kuku. Mwingine atasogeza punje chache chache, azigeuze, ndipo aziache. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Mwambie wa kwanza apunguze, atachoka na kusinzia. Mwambie wa pili aharakishe, na jioni mtauma mawe.

Ndivyo ilivyo kwa kufagia uwanja, kumenya viazi, kufua na kupalilia. Mtu akilazimishwa kufuata jembe la jirani yake, mgongo utamshinda kabla ya saa nne za asubuhi. Kwa mwendo wake mwenyewe angefika saa sita bila kulalamika, na palizi ingekuwa imekwisha.

Wataalamu nao wamelitafuta jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kuonyesha jinsi saa ya mwilini inavyofanya kazi. Walichunguza nzi wale wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva sana. Wakaona kwamba ndani ya chembe za mwili kuna protini inayoongezeka usiku na kupungua mchana, na mzunguko huo hurudiwa kila siku. Sisi binadamu tunayo saa ya namna hiyo, wala haikutegwa sawa kwa wote. Wapo wanaoamka na jogoo wakiwa na akili timamu, na wapo ambao akili hukolea baada ya chakula cha jioni. Kwa sehemu ni urithi, na kwa sehemu ni umri, maana vijana huelekea kuchelewa kulala na wazee huwahi kuamka. Basi mke anayesinzia saa tatu za usiku, wakati mumewe ndiyo kwanza anaanza kueleza mipango ya karo, hajamdharau. Saa yake imefika.

Hiyo ni saa ya kulala na kuamka. Mwendo wa mkono na wa ulimi ni jambo jingine, lakini somo ni lile lile: mengi tunayoyaita tabia mbaya ya mwenzetu hakuyachagua.

Tena mtu mmoja hana mwendo mmoja. Yupo baba awezaye kuchinja kuku, kumnyonyoa na kumkatakata kabla ugali haujaiva, lakini ukimwuliza kama mtoto ahamishwe shule, atakujibu baada ya majuma mawili. Mkewe huchukua asubuhi nzima kufua, lakini shauri la shule amelikata papo hapo. Je, katika nyumba hiyo mzito ni nani? Anayesema "mke wangu ni mzito" au "mume wangu ana pupa" mara nyingi ametazama kazi moja tu, ile inayomuudhi.

Wahenga walilijua jambo hili. Walisema haraka haraka haina baraka, na wakasema pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Walisema subira yavuta heri, kisha wakaongeza kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa wakijipinga. Walitupa methali za pande zote mbili kwa kuwa watu ni wa pande zote mbili, na kila upande wahitaji kuonywa. Taabu ni kwamba nyumbani kila mmoja huchagua methali ya kumpiga nayo mwenzake, na kuiacha ile iliyotungwa kwa ajili yake.

Kosa huingia wapi?

Mtu asihukumiwe kwa mwendo aliozaliwa nao, kama vile asivyohukumiwa kwa kimo chake. Lakini ndoa si kuishi peke yako. Mwendo wangu unapokula muda wa mwenzangu, au unapomkimbiza hadi akose pumzi, hapo ni suala la haki. Yafaa tutenganishe mambo matatu.

La kwanza ni mwendo wenyewe. Huo ni wa kuvumiliwa, na zaidi ya kuvumiliwa, ni wa kujulikana.

La pili ni ahadi. Saa ya ukutani si ya mume wala ya mke. Mkipatana kuondoka saa mbili, yule mtaratibu haombwi avae upesi. Anaombwa aanze kuvaa mapema. Mwendo ni maumbile, lakini saa ya kuanza ni hiari. Neno "ndivyo nilivyo" laweza kumtetea mtu kwa ajili ya mikono yake. Haliwezi kumtetea kwa ajili ya ahadi aliyoivunja kila Jumapili kwa miaka kumi na miwili.

La tatu ni hila. Wapo wanaochelewa makusudi ili kuadhibu. Mke ajua mumewe hukasirika akingoja, basi humngojesha. Na wapo wanaoharakisha makusudi. Baba aleta shauri la kuuza kipande cha shamba usiku saa nne, na kutaka jibu kabla taa haijazimwa, kwa kuwa ajua mkewe hufikiri polepole. Asubuhi asema, "Tulikubaliana." Huo si wepesi. Ni kumnyang'anya mwenzako nafasi yake ya kusema hapana. Mtu aliyeolewa na mtu wa kufikiri polepole ana wajibu wa kumngoja katika jambo zito, maana ridhaa iliyoharakishwa haikutolewa.

Mwepesi ana kishawishi kimoja zaidi. Kwa kuwa yeye humaliza kwanza, hudhani kwamba yeye ndiye anayejali. Atakunyang'anya kisu ukikata sukuma wiki, aseme, "Nipe, utachelewesha chakula." Sukuma wiki itakatika vyema, lakini umeambiwa mbele ya watoto kwamba mikono yako haifai. Fanya hivyo mara mia, na mwenzako ataacha kabisa kujitolea. Nawe utasema, "Mnaona? Kazi zote nafanya mimi."

Mwendo wa moyo

Yote haya ni mepesi yakiwa ya maharagwe na viatu. Huwa mazito yakiwa ya msiba.

Kuna mume na mke waliomzika mtoto wao mchanga. Baada ya miezi miwili baba alikuwa akitengeneza ua na kucheka na jirani. Mama alikuwa bado hajaweza kukunja nguo za mtoto. Mama alisema moyoni, "Huyu hakumpenda." Baba alisema moyoni, "Huyu amekataa kupona." Hawakugombana. Walinyamaziana karibu mwaka mzima. Walipokubali kuketi na wazee wa jumuiya, nyanya mmoja alimwuliza baba, "Ukiwa shambani peke yako, unamkumbuka?" Baba akalia mbele ya watu wote. Kumbe kila alfajiri alipokwenda kukamua ng'ombe alikuwa akilia, kisha ananawa uso na kurudi nyumbani. Mama hakujua. Yeye alilia mchana, na baba alilia gizani, na kila mmoja akamhesabia mwenzake siku.

Hali kadhalika kusamehe. Kuna mtu ambaye hasira yake huisha kabla ya chakula cha jioni, na kesho hakumbuki. Kuna mwingine ambaye huhitaji siku tatu ili moyo ushuke. Wa kwanza akimwambia wa pili, "Nimeshaomba radhi, mbona bado umenuna?" anamdai mwendo ambao hana. Na wa pili akizifanya siku tatu kuwa miezi mitatu, amevuka mpaka wa maumbile na kuingia katika hila.

Mwendo wa tatu

Tufanyeje basi? Mwaka 2013 watafiti wawili wa Seattle, Marekani, waliandika habari za watu waliowapima wakitembea. Kila mmoja akiwa peke yake alikuwa na mwendo wake, na wanaume kwa kawaida walikuwa wepesi zaidi. Lakini mwanamume alipotembea na mpenzi wake, alipunguza mwendo hadi ukalingana na wa mwanamke. Ni jambo la busara, maana kwa kawaida mwenye kasi hupunguza kwa urahisi kuliko asiye nayo awezavyo kuongeza.

Mtu atauliza, "Je, ni mimi mwepesi tu nitakayelipa siku zote?" Sivyo. Mwepesi hulipa njiani, kwa kupunguza. Mtaratibu hulipa kabla ya safari, kwa kuanza mapema. Kila mmoja atoe alicho nacho.

Na palipo na mnyonge, yeye ndiye kipimo cha wote wawili. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Esau anakutana na nduguye Yakobo baada ya miaka mingi, naye anataka wasafiri pamoja. Esau ana watu 400. Yakobo anamweleza kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na kwamba wakiswagwa kwa nguvu hata siku moja tu, wanyama watakufa. Kwa hiyo atakwenda polepole, kwa hatua za wanyama na za watoto. Hakutaja nguvu zake mwenyewe. Nyumbani kwenu labda ni mama mjamzito, au mtoto mwenye homa, au mama mkwe mwenye mguu mbovu.

Mmewahi kuwatazama wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja? Mchi wa huyu washuka huku wa yule wapanda. Kila mmoja akitwanga kama vile yuko peke yake, michi itagongana au mkono utaumia. Lakini pia hakuna anayemfuata mwenziwe kama kivuli. Husikilizana, na baada ya mapigo machache hupatikana mwendo wa tatu, ambao haukuwa wa huyu wala wa yule. Mmoja akichoka hutoka, hupepeta kidogo, kisha hurudi. Kazi zenu za pamoja ziwe hivyo. Zile zisizo za pamoja, gawaneni kwa kadiri ya mwendo: mwenye mikono myepesi atayarishe watoto wa shule, na mwenye utulivu akague daftari zao na kuhesabu fedha za maziwa. Kisha kila mmoja aachwe afanye kazi yake bila kusimamiwa.

Jioni ya leo, watoto wakishalala, chambueni pamoja maharagwe ya kesho, bila kushindana na bila kuhesabu aliyemaliza. Tazameni mikono tu. Halafu kila mmoja amwulize mwenzake maswali mawili: "Ni wapi mimi hukukimbiza?" na, "Ni wapi mimi hukungojesha?" Mtaratibu apewe nafasi ya kufikiri. Akisema atajibu kesho, ngoja kesho.