Kutibu kwa dhana ni huruma gani?

IPO kauli moja ambayo kila anayeishi huku kwetu Tarime na Serengeti ameisikia, na pengine yeye mwenyewe amewahi kuitamka: "Uvimbe usiguswe kisu. Ukiguswa umeuamsha." Wazee wenye heshima zao wanaisema, akina mama sokoni wanaisema, na nimeisikia hata kwa walimu wenzangu wenye shahada. Matokeo yake mtoto akivimba taya au tumbo atapewa dawa za kila namna, za mitishamba, za dukani na za kuchanjwa. Jambo moja tu ndilo linalokataliwa: kukatwa kinyama kidogo kikapimwe, ijulikane anaumwa nini.

Ndugu msomaji, makala hii haikusudii kufundisha udaktari. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Lakini ndani ya kauli hiyo limo swali la kimaadili ambalo halihitaji daktari kuliuliza. Je, kumtibu mtu kabla ya kujua maradhi yake ni huruma, au ni dhulma iliyovaa kanzu ya huruma?

Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba elimu ya mwanadamu ina daraja. Ipo shaka, ipo dhana, ipo dhana yenye nguvu, na ipo yakini. Hukumu ya kila daraja ni tofauti. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakiki habari tunayoletewa kabla ya kuitendea kazi. Aya hiyo tunaitumia sana tunapokemea umbea na fitna mitaani. Ni nani aliyetuambia kwamba inaishia hapo? Uvimbe nao ni habari. Umeletwa na mwili wa mtoto, na macho yetu hayatoshi kuuhakiki.

Wapo wanaodhani saratani ni maradhi ya mbali na kwamba habari za hadubini ni za watu wa Dar es Salaam. Kumbe mkoa wetu wa Mara una nafasi yake katika historia ya jambo hili.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akaona mwingine, kisha wengine. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aligundua kwamba watoto wa namna hiyo wamekuwapo siku nyingi, ila uvimbe wao uliandikwa kwa majina mbalimbali kufuatana na mahali ulipotokea. Wa taya jina lake, wa jicho jina lake, wa figo jina lake. Mwaka 1958 aliandika juu ya maradhi hayo, naye akayaita sarkoma ya taya.

Waliosahihisha jina hilo ni watu wa patholojia, yaani wale wanaosoma vinyama chini ya hadubini. Gregory O'Conor na Jack Davies, waliokuwa hapo hapo Kampala, walitazama vinyama vya watoto hao, vya taya na vya tumbo, wakaona seli zilezile. Ilipofika mwaka 1961 ilikuwa imeelezwa wazi kuwa ni ugonjwa mmoja, nao ni limfoma, saratani inayotokana na seli za kinga za mwili. Leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt.

Mtu anaweza kuuliza: jina linasaidia nini? Linasaidia kila kitu. Ungekuwa sarkoma ya taya, tegemeo lingekuwa kisu, na kisu kilikuwa kinawaharibu watoto sura bila kuwaokoa. Ilipojulikana kuwa ni limfoma, inayokua upesi mno na kusambaa mwilini, ilieleweka kwamba inahitaji dawa inayopita kwenye damu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi walianza kuwapa watoto dawa kama siklofosfamidi na methotreksati, na baadhi ya watoto ambao wangekufa ndani ya miezi michache walipona. Tafakari hilo. Bingwa wa upasuaji aliweka kisu chini kwa sababu mwenzake aliyekaa kwenye hadubini alimwambia kitu hiki sicho ulichodhani.

Ndipo tunapofika nyumbani. Wilaya iliyokuwa ikiitwa North Mara, ambayo leo ni Tarime pamoja na Rorya iliyomegwa mwaka 2007, ilionekana kuwa miongoni mwa sehemu zenye watoto wengi wa ugonjwa huu. Hospitali ya Shirati, kando ya Ziwa Victoria, ikawa kituo cha kuuchunguza, na daktari wake Glen Brubaker na wenzake walichapisha takwimu za wagonjwa wa kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Kwa kuwa ugonjwa huu hufuatana na malaria kali, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa North Mara walipewa klorokwini ili kupunguza malaria, kuona kama saratani nayo itapungua. Ilipungua, na dawa iliposimamishwa ikapanda tena. Lakini watafiti waliona kwamba kupungua kulikuwa kumeanza hata kabla ya dawa kutolewa. Hivyo hawakudai kuwa wamethibitisha.

Mimi nimelipenda jambo hilo. Watu walifanya kazi miaka mingi, walikuwa na jibu walilolitamani, na bado wakasema ushahidi huu hautoshi. Na hata kuhesabu kwao kusingekuwa na maana kama hapangekuwa na njia ya kujua kwamba uvimbe uliohesabiwa ndio ugonjwa wenyewe na si jipu la jino.

Sasa kinyama hicho kikikatwa kinafanywa nini? Kwanza kinatiwa katika fomalini ili kisioze. Maabara wanakikausha maji, wanakizamisha katika nta, kisha wanakichonga vipande vyembamba mno, wembamba wa takriban sehemu nne za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Kipande hicho kinawekwa juu ya kioo na kutiwa rangi, kiini cha seli kikawa zambarau na sehemu iliyobaki waridi. Limfoma ya Burkitt ina sura yake. Seli nyeusi-nyeusi zimesongamana kama usiku, na katikati yake kuna madoa meupe-meupe, ambayo ni seli kubwa zinazokula zile zilizokufa. Wataalamu huiita anga yenye nyota. Zipo pia rangi za kinga zinazobaini seli ni za ukoo gani na zinazaliana kwa kasi gani, pale ambapo maabara inazo.

Bila hatua hizo, uvimbe wa taya unaweza kuwa jipu la jino, linalotaka kutolewa usaha. Unaweza kuwa usaha wa mfupa, unaotaka dawa za muda mrefu. Unaweza kuwa ameloblastoma, uvimbe wa asili ya jino unaokua polepole, ambao tiba yake ni upasuaji. Unaweza kuwa saratani ya misuli, yenye utaratibu wake. Unaweza kuwa Burkitt, ambayo seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa nje vyote ni shavu lililovimba, lakini tiba ya kimoja ni balaa kwa kingine.

Nilipata kuhudhuria kikao cha ukoo mmoja katika wilaya ya Serengeti, kwa kuwa kaka wa mgonjwa nilimfundisha. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba. Meno yake yalilegea, yakang'olewa mawili, na uvimbe ukazidi. Baba mkubwa alitaka apelekwe kwa mganga aliyesifika, na ng'ombe wa kumlipa alikuwa ameshatajwa. Baba mdogo alitaka dawa kali za dukani. Mzee mmoja akanigeukia akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, lakini hayo ya kukata tumeyaona. Waliokatwa wote tumewazika." Nikamjibu, "Ni kweli mzee wangu, nami sibishi kwamba mmewazika." Ndipo bibi wa mtoto, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Huu ugonjwa mnaotaka kuutibu, unaitwaje?" Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alikuwa na tiba mkononi, na hakuna aliyekuwa na jina.

Ng'ombe yule akauzwa kwa nauli ya Mwanza, mtoto akakatwa kinyama, majibu yakaja: Burkitt. Alipoanza dripu za saratani uvimbe ulinywea ndani ya siku chache, ingawa matibabu yenyewe yalichukua miezi. Alhamdulillah, leo yuko shuleni, na mapengo yake anayo.

Sisemi kila anayekatwa kinyama hupona. La hasha. Wengine jibu huja nao wameshachelewa. Lakini hoja ya yule mzee inastahili jibu la heshima, kwani haikutoka hewani. Watu wetu hupelekwa hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa. Wanakatwa wakiwa katika hali hiyo, wanafariki baada ya wiki chache, na walioshuhudia wanaunganisha kisu na mauti. Wameona mambo mawili yakifuatana wakadhani moja limezaa jingine. Na ukweli ni kwamba zipo saratani chache, kama ile ya jicho la mtoto, ambazo wataalamu wenyewe hawazichomi sindano wala kuzikata kinyama wakichelea kuzisambaza. Kwa hiyo hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini wa kupima ni wapi pa kukata na wapi pa kuacha ni mwenye elimu, si kikao cha ukoo. Katika uvimbe ulio mwingi, madhara ya kukata kinyama ni madogo sana ukilinganisha na madhara ya kutojua, na kanuni ya sheria yetu ni kwamba dhara dogo huvumiliwa ili kuondoa kubwa.

Ipo hoja nyingine, tena nzito zaidi. Kama Burkitt inakua kwa kasi hiyo, kusubiri majibu si kumwua mtoto? Yakini inayokuja baada ya mazishi ina faida gani? Hapa jibu langu ni kwamba dini haikutuwajibisha yakini katika kila jambo. Pale yakini haipatikani kwa wakati, dhana yenye nguvu ya mtaalamu hutendewa kazi. Mtoto akiwa taabani, daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili alizoziona. Lakini pale inapowezekana, kinyama kichukuliwe kwanza, ndipo dawa ianze. Sababu ni kwamba baadhi ya dawa, hasa za jamii ya steroidi, huweza kuunyausha uvimbe wa limfoma kwa muda, kinyama kikikatwa baadaye kisionyeshe kitu. Kumbe kutibu kwa dhana hakukosi shabaha tu, bali huweza kufuta ushahidi ambao ungetuonyesha shabaha iko wapi. Hakimu anayehukumu kabla ya kusikiliza amekosea. Anayehukumu kisha akachoma jalada amekosea mara mbili.

Ama anayesema ni kadari ya Mungu tusihangaike, huyo namwuliza: kwa nini alihangaika na mganga? Aliyetawakali kweli hachagui sababu dhaifu akaacha yenye nguvu. Na mwili wa mtoto si mali ya baba wala ya ukoo. Ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia kutibu watu naye hajulikani kwa elimu ya tiba, atabeba dhamana ya madhara aliyosababisha. Fundisho hilo linamgusa mganga, linamgusa muuza duka la dawa, na linamgusa pia mzazi anayeamuru.

Lakini tusimtwike mzazi peke yake. Kutoka Tarime au Mugumu hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, yenye maabara ya patholojia na tiba ya saratani kwa Kanda ya Ziwa, ni zaidi ya kilomita 200. Katika miaka ya 1960 vinyama vya Kampala vilipandishwa ndege hadi London, na ndimo Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walimoona mwaka 1964 kirusi kinachohusishwa na maradhi haya. Ikiwa kinyama kiliweza kuvuka bahari zama hizo, cha Serengeti kukaa kabatini wiki nzima kwa kukosa wa kukipeleka Mwanza si kadari. Ni uzembe wetu sote. Kichupa kile chenye jina la mtoto nacho ni amana. Anayekosea kuandika jina, anayekiacha kikauke, anayechelewesha majibu, wote wamo katika hesabu.

Imamu Ghazali aliitaja tiba kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia mijadala ya fiqhi huku miji ikikosa matabibu wa Kiislamu. Fardhi kifaya isipotekelezwa na yeyote, dhambi yake ni ya wote. Wanafunzi wangu wakisema wanataka udaktari, humaanisha yule wa koti jeupe anayesalimiwa wodini. Sijasikia bado hata mmoja akisema anataka kuwa wa hadubini, ambaye mgonjwa hatamwona wala kumjua jina. Wazazi na walimu wa sayansi watuambie kwa nini.

Kabla hatujauza ng'ombe mwingine basi, tuulize lile swali la bibi: unaitwaje? Asiyeweza kulijibu, ama anyamaze, ama atoe nauli.

Wabillahi tawfiq.