Mtoto Asiyejua Kusoma Ana Kosa Gani?



Shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, wazazi huwapeleka watoto wao darasa la kwanza kwa furaha. Ifikapo Juni, katika nyumba kadhaa furaha ile imepungua. Mtoto wa jirani anasoma vibao vya maduka, na wetu bado anachanganya "ba" na "da". Hapo ndipo maneno huanza: huyu mvivu, huyu kichwa kigumu, huyu hana akili. Wengine hushika fimbo. Ningependa tulitazame pamoja swali hili: je, tuna haki ya kumwita mtoto mvivu kwa sababu hajui kusoma?

Neno "mvivu" si kama "mrefu" au "mfupi". Hilo ni hukumu. Amwitaye mtu mvivu anadai mambo mawili: kwamba mtu huyo anaweza, na kwamba hataki. Katika baraza la wazee hakuna ahukumiwaye kabla ya kuulizwa na mashahidi kusikilizwa. Lakini mtoto wa miaka saba huhukumiwa mbele ya wenzake karibu kila siku, na hakuna aliyejisumbua kuchunguza dai la kwanza, yaani kama kweli anaweza.

Tukumbuke kwanza kusoma ni kitu gani. Mtoto akikaa kati ya watu wasemao, naye atasema bila kufundishwa. Kusoma sivyo. Maandishi yalibuniwa na watu, huko Misri na katika nchi iitwayo leo Iraki, yapata miaka 5,000 iliyopita. Hapana mtoto azaliwaye na herufi kichwani. Kila mmoja lazima ajifunze kuunganisha alama aionayo kwa jicho na sauti aisikiayo kwa sikio, na kazi hiyo wengine huifanya kwa wepesi, wengine kwa taabu kubwa. Wala akili si herufi tu. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu waliunda vyombo vya kuvuka bahari bila mchoro wa karatasi, na wazee wengi wasiojua kusoma walikata mashauri magumu kwa haki. Hakuna aliyewaita wajinga.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1887 daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, alitumia neno disleksia kwa watu waliopata taabu kubwa ya kusoma. Kisha mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika gazeti la madaktari habari za kijana wa miaka 14. Kijana yule alikuwa mwerevu, mwepesi katika michezo, tena hesabu aliziweza. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa amefundishwa kwa miaka mingi, lakini maneno mafupi kabisa yalimshinda, na hata jina lake aliliandika kwa makosa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo tu, kijana yule angekuwa wa kwanza shuleni. Basi tangu siku hizo imejulikana kwamba mtu aweza kuwa na akili nzuri na bidii nyingi, na bado kusoma kukamshinda. Kutokujua habari hiyo kulikuwa na udhuru zamani. Kwa mwalimu wa leo udhuru huo umekwisha.

Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati ya pekee. Lugha yetu iliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Katika karne ya 19 wamisionari, akiwamo Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilitoka mwaka 1870, waliiandika kwa herufi za Kilatini, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha tahajia. Matokeo yake ni kwamba irabu zetu tano hutamkwa vile vile kila mahali. Mtoto ajuaye a, e, i, o, u na akajifunza m, anaweza kusoma "mama" na "mimi" siku hiyo hiyo. Mtoto wa Kiingereza hana raha hiyo, kwa kuwa kwao herufi moja hubadili sauti mara nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wa Kiingereza huhitaji muda zaidi ya mara mbili kupata msingi wa kusoma kuliko watoto wa lugha nyingi zenye tahajia nyepesi.

Lakini bahati hiyo hutudanganya pia. Kwa kuwa kusoma Kiswahili ni kwepesi, tunadhani asiyeweza hataki. Tena ugumu wenyewe hujificha. Katika lugha zenye tahajia nyepesi, mtoto mwenye shida mara nyingi husoma sawasawa, ila polepole mno. Mpe neno "hawakutusaidia". Atakwenda silabi moja moja, na afikapo "dia" amekwisha kusahau "hawaku". Hakukosea herufi hata moja, lakini hakuelewa kitu. Mwalimu humwambia, "Harakisha!" Kumwambia hivyo ni sawa na kumhimiza mwenye mguu mbovu akimbie.

Ugumu hujificha pia ndani ya sauti ya darasa zima. Mwalimu anaonyesha kwa fimbo ubaoni, watoto wote wanaitikia kwa pamoja, na asiyejua hufuata mlio wa wenziwe. Wapo watoto waimbao "a, be, che, de" mpaka mwisho bila kusita, lakini ukiwaonyesha herufi moja katikati hawaijui. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na njia niliyoiona kuwa bora ni hii: mwite mtoto peke yake, kwa upole, umwonyeshe silabi bila kufuata mpangilio. Chukua "mu", kisha "ka", kisha "to". Kwa dakika tano utajua mengi kuliko mtihani wa mwisho wa muhula.

Dalili nyingine huonekana hata kabla ya shule. Mtoto aliyechelewa kusema. Asiyeweza kupiga makofi matatu kwa "ma-pe-ra". Asiyeweza kutaja neno jingine lianzalo kama "maji". Mwenye mzazi au ndugu aliyetaabika vile vile. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa: "paka" huwa "kapa", na "maji" huwa "jima". Tumezoea kuuona kuwa utundu tu, kumbe ni zoezi zuri la sikio. Mtoto mkubwa ambaye mchezo huo unamshinda kabisa, wenziwe wakiucheza kwa wepesi, afaa kutazamwa vizuri. Lakini tusiwe na pupa. Kugeuza b na d ni jambo la kawaida kwa mwanafunzi aanzaye, na dalili moja haitoshi. Tazama kama dalili ni kadhaa, na kama zinadumu baada ya miezi ya mafundisho mazuri.

Tena si kila ashindwaye ana disleksia. Mmoja haoni ubao. Mwingine sikio lake limekuwa likitoka usaha. Mwingine huja shule na njaa. Mwingine amekulia katika lugha isiyotenganisha l na r, kwa hiyo huandika "kura" alipokusudia "kula", wala huo si ugonjwa. Mwingine hakufundishwa ipasavyo. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya mmoja haimfai mwingine. Ndiyo maana kuchunguza hutangulia kuhukumu.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: "Mwalimu, uvivu upo kweli." Ni kweli, upo. Lakini mtazame mtoto nje ya kitabu. Kama huchota maji, huchunga mbuzi na kucheza mpira kwa bidii, kisha hulegea mbele ya herufi tu, basi tuulize habari za herufi kwanza. Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto aliyejaribu kwa mwaka mzima akapata aibu tu, mwishowe huacha kujaribu. Huanza kuugua tumbo kila asubuhi, hupoteza daftari, huwachekesha wenzake ili asiitwe kusoma. Hapo kweli amekuwa mvivu. Lakini uvivu huo ni tunda, si mzizi, na waliopanda mbegu yake ni sisi wakubwa.

La pili: "Samaki mkunje angali mbichi." Vema, lakini methali inasema mkunje, haikusema mvunje. Fimbo yaweza kumfanya mtoto akae kimya. Haiwezi kumwonyesha tofauti ya b na d.

La tatu ndilo zito zaidi. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za umma mwaka 2016, madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto themanini huuliza: "Je, ni haki kuwanyima wengi muda wangu kwa ajili ya mmoja?" Swali hili ni la haki wala si la kubeza. Jibu langu ni kwamba darasa la kwanza ni msingi wa masomo yote. Aliyeachwa nyuma hapo atakaa miaka sita au saba mbele ya vitabu asivyoweza kuvifungua, na muda wa walimu wote wa mbele utapotea kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena mengi yamfaayo mtoto huyu huwafaa wote: kufundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake, kwenda hatua kwa hatua, kurudia ya jana kabla ya kuanza ya leo.

Kuna pia hofu ya wazazi, kwamba mtoto akipewa jina la tatizo atadharauliwa. Hofu hiyo ina maana. Lakini mtoto huyu amekwisha kupewa jina, ameitwa mjinga. Tukijua shida yake, jina hilo litaondoka na msaada utaanza. Ila tuseme shida yake kwa watu wanaoweza kumsaidia, tusiitangaze kisimani.

Mzazi afanye nini? Ampeleke mtoto kituo cha afya apimwe macho na masikio. Azungumze na mwalimu bila ugomvi. Nyumbani watenge robo saa kila siku, si saa mbili za Jumamosi zenye machozi. Waanzie pale mtoto anapojua, hata kama ni silabi tatu tu. Aandike herufi kwa kidole mchangani huku akitamka sauti yake. Apange vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi, apate maneno. Mama asiyejua kusoma anaweza kusaidia pia, kwa hadithi na vitendawili, kwa sababu maneno mengi masikioni humrahisishia mtoto kuyatambua kitabuni.

Na sisi tufundishao Shule ya Jumapili au darasa la Kipaimara, tusimwite mtoto ghafula asome mbele ya watu. Tumpe fungu lake mapema, alizoee nyumbani. Asiyeweza bado, aulizwe kwa mdomo. Mara nyingi tutaona kwamba mafundisho anayajua vizuri.

Muhula huu, mzazi mwenye mtoto wa namna hii amkalishe pembeni, amsikilize akisoma mistari miwili bila kumkemea, na aandike yale anayoyakosea. Ampelekee mwalimu karatasi hiyo. Ndiyo ushahidi tuliokuwa tukiukosa, nao utatuonyesha mahali pa kuanzia kazi.

Mwalimu Mstaafu