Mwache Apite, Namjua

Kosa ambalo halijamdhuru mtu, ni kosa? Swali hili, ndugu msomaji, ni la barazani, lakini mimi nimelikuta ndani ya kompyuta, tena ndani kabisa, kwenye kiini cha Linux ambako mafaili hutunzwa.

Hebu tazama. Kazi mbili zinakwenda pamoja. Ya kwanza inahamisha faili kutoka folda A kwenda B, ya pili kutoka B kwenda A. Kila folda ina kufuli, ili kazi mbili zisiivuruge kwa wakati mmoja. Basi ya kwanza imeshika kufuli la A, inangoja la B. Ya pili imeshika la B, inangoja la A. Imekwisha hiyo! Zitangojana mpaka mtu azime mashine. Na wala hakuna mkorofi hapo, kila moja imefuata adabu zake.

Dawa ni kukubaliana nani atangulie. Katika Linux, anayehamisha kati ya folda mbili hushika kwanza kufuli kuu la mfumo mzima wa mafaili, kisha mzazi kabla ya mtoto. Mafaili mawili ya kawaida yakifungwa pamoja, lenye anwani ndogo kwenye kumbukumbu hutangulia. Usitafute haki humo. Ni foleni tu, ila wote waijue.

Binadamu husahau. Mwaka 2006 Ingo Molnar akaleta mlinzi, jina lake lockdep. Huyu hangoji mashine igande. Akiona asubuhi kumefungwa A kisha B, na jioni B kisha A, anapiga kelele hapo hapo, ingawa wawili hao hawajakutana kamwe.

Shida yake, hatambui kufuli moja moja, anatambua aina. Mzazi na mtoto wote ni folda, kwa hiyo kwake ni kufuli lile lile limefungwa mara mbili. Analalamika bure. Ndipo mtunzi wa programu huruhusiwa kuweka alama: hili liko ndani ya lile, nalijua, mwache apite. Kelele zinakoma.

Mtihani uko hapo. Alama hiyo hiyo humnyamazisha mlinzi hata anaposema kweli. Jamaa ana haraka, bosi anasubiri. Anabandika alama, kimya, anaenda zake. Kadanganya? Atakwambia, kwani nimemdanganya nani, chombo? Mimi nasema kadanganya watu, sema tu hajawaona: yule ambaye mashine yake itaganda usiku wa manane, na yule atakayetafuta sababu huku mlinzi kazibwa mdomo.

Wengine watasema, basi tii kila onyo. Sikubali. Kupinda programu iliyo sawa ili mlinzi afurahi ni woga, na huzaa makosa mapya. Anayeweka alama anatoa ushahidi, kwa hiyo awe amefuata kila njia inayofika kwenye kufuli lile, hata zile alizoandika mtu mwingine. Kufuatilia huko kunaweza kula siku kadhaa. Alama yenyewe ni neno moja, na ukiisoma baadaye, ya aliyefuatilia na ya aliyechoka zinafanana herufi kwa herufi.