Plasta ya Gesi na Mguu wa Mchukuzi

Anayeingia Owino kutoka upande wa uwanja wa Nakivubo hujifunza haraka kupisha. Nyuma yake yupo mtu mwenye robota la mitumba mgongoni, na mtu huyo hawezi kusimama, kwa sababu akisimama mzigo utamshinda. Jina rasmi la soko ni St. Balikuddembe, lakini karibu kila mtu Kampala husema Owino. Nguo zinazouzwa pale, kabla ya kufika kibandani, zimepita juu ya mgongo wa mchukuzi, na uzito wote umeshuka hadi kwenye nyayo zake. Nyayo hizo mara nyingi zimevaa kandambili.

Tuchukue mfano wa mchukuzi mmoja, bila jina. Amekanyaga msumari. Kidonda kimekaa wiki tatu na hakifungi, pengine kwa kuwa ana kisukari bila kujua. Mtu akimletea plasta mpya, inayotoa gesi ya kuponya ngozi, na kumwambia, "Bandika, uendelee na kazi," je, amemtendea wema yeye, au ameutendea wema mzigo?

Kwanza tuielewe plasta yenyewe, maana si uchawi. Kidonda kinahitaji oksijeni ili kujenga nyama mpya. Hewa ya Owino ina oksijeni kama ya kwingineko, takriban asilimia 21, ila oksijeni ya kujenga nyama huletwa zaidi na damu, na kwa mgonjwa wa kisukari mishipa midogo ya mguu mara nyingi imeharibika. Ndiyo sababu wataalamu wametengeneza vifaa vya kupeleka oksijeni moja kwa moja chini ya bandeji. Gesi nyingine ni nitriki oksidi. Mwili huitengeneza wenyewe. Hutanua mishipa ya damu na huua vijidudu. Waliogundua kazi yake mwilini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. (Nobel mwenyewe, tajiri wa baruti, alipougua moyo aliandikiwa na daktari nitrogliserini, kitu kile kile alichokitumia kutengenezea baruti yake, nayo hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo.) Tatizo la nitriki oksidi ni kwamba haidumu, kwa hiyo haiwezi kuhifadhiwa tu ndani ya plasta kama soda ndani ya chupa. Njia mojawapo ni kutumia tabaka mbili, moja yenye chumvi ya nitriti na nyingine yenye asidi. Zikikutana juu ya kidonda, gesi huzaliwa pale pale. Hata mbwa anayelamba jeraha hufanya jambo linalofanana na hilo, kwa kuwa mate yana nitriti na ngozi ina asidi kidogo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya anasa, kwamba mchukuzi anahitaji kwanza maji safi, sabuni na kitambaa kisafi. Ni kweli anavihitaji. Lakini mimi nina shaka na neno "kwanza" linaposemwa na mtu asiye na kidonda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alipinga haraka ya kuleta dawa za kupunguza makali ya Ukimwi barani Afrika akidai kuwa watu wengi hapa hawajawahi kuona saa, hivyo wasingeweza kuzimeza kwa wakati. Dawa zilikuja, na watu wakazimeza kwa wakati. "Kwanza" ya namna hiyo haina mwisho. Kila kipya kikizaliwa, maskini huambiwa asubiri mpaka apate cha zamani.

Kwa hiyo sina ugomvi na plasta ya gesi. Tena kuna ushahidi wa kuitetea. Ugonjwa wa vidonda uitwao Buruli ulipata jina lake hapa Uganda, kutoka eneo la Buruli, ulikochunguzwa miaka ya 1960. Huko Ghana krimu zinazotoa oksidi za nitrojeni zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Buruli, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vidonda vyao vikipungua haraka kuliko vya waliopakwa krimu isiyo na dawa. Ugomvi wangu ni na ile sehemu ya pili ya sentensi: "uendelee na kazi."

Maneno hayo yameshikamana na plasta tangu mwanzo. Plasta ya kubandika tunayoijua ilibuniwa mwaka 1920 na Earle Dickson, mfanyakazi wa Johnson & Johnson kule Marekani, kwa ajili ya mke wake aliyekuwa akijikata na kuungua jikoni. Alitaka mke wake aweze kujifunga mwenyewe bila kumngoja mtu. Ni upendo, sikatai. Lakini pia chakula cha jioni hakikuchelewa.

Sasa tazama Kolombia. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoenezwa na inzi wadogo wa mchanga, leishmaniasi, ndugu wa ile kala-azar inayojulikana Amudat huko Karamoja. Tiba yake ya kawaida kule ilikuwa sindano kila siku kwa siku 20, dawa kali yenye madhara. Watafiti wakatengeneza kiraka cha kutoa nitriki oksidi, kibandikwe saa 12 kwa siku kwa siku hizo hizo 20. Fikiria jinsi kilivyovutia: hakina sindano, madhara ni machache, na hakimlazimu mtu wa kijijini kuifuata sindano kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Waliopona kwa sindano walikuwa karibu 95 kati ya kila 100. Waliopona kwa kiraka walikuwa 37.

Siwalaumu watafiti hao. Walipima kwa haki na wakatangaza walichokiona. Ninachokiona mimi ni kwamba wepesi wa tiba na nguvu ya tiba ni vitu viwili, na mtu maskini ndiye anayeshawishika zaidi kuvichanganya, kwa sababu kwake siku ya kliniki ni siku bila posho. Hata mguu wa kisukari una tiba ambayo hakuna gesi inayoweza kuchukua nafasi yake: mguu utuliwe mzigo. Usikanyagiwe. Daktari yeyote wa vidonda atasema hivyo. Maneno hayo mwambie mtu anayelipwa kwa kila robota analobeba, uone atakavyokutazama.

Tena mguu huo mara nyingi hauumi, kwa kuwa kisukari kimeua hisia. Buruli nayo ina sumu inayofanya hivyo. Maumivu ni mlinzi mkali ambaye hakuna anayempenda, lakini akilala mtu hutembea juu ya jeraha lake mpaka mfupa. Plasta safi inayoficha kidonda, juu ya mguu usiouma, chini ya kilo nyingi za nguo: hapo tiba inaweza kuwa kibali cha kuumia zaidi.

Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye alinijibu hivi: "Mchukuzi ni mtu mzima. Akichagua kubandika na kubeba, wewe ni nani?" Ni swali la haki. Sitaki mtu anyang'anywe plasta kwa jina la kumhurumia. Lakini anayechagua kati ya mguu wake na unga wa watoto wake hajachagua kama anavyochagua mteja kati ya mashati mawili. Anastahili plasta, na anastahili kuambiwa ukweli kwamba bila kupumzika huenda isifue dafu. Baada ya hapo deni halipo tena kwake. Lipo kwa mwenye robota, na lipo kwetu tunaonunua. Shati la Owino ni rahisi kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba bei yake haina ndani yake siku hata moja ya mapumziko ya aliyelibeba.

Katika Buganda kuna desturi ya munno mukabi, vikundi vya watu wanaochangiana msiba unapomfika mmoja wao. Fedha ya jeneza hupatikana, wakati mwingine kwa siku moja. Sijui kwa nini mguu unaohitaji wiki sita za kukaa chini usihesabiwe kuwa msiba. Kwa kila robota, mwenye mali aongeze kiasi kidogo kiende kwenye mfuko. Humo zitoke siku za kukaa, na plasta ya gesi pia siku itakapofika madukani kwa bei inayowezekana. Yatakuwepo mabishano: nani ashike mfuko, nani athibitishe kuwa kidonda ni kidonda, na mchukuzi aliyekuja jana kutoka Kasese au Arua ahesabiwe vipi. Mabishano hayo ni bora kuliko kimya cha sasa, na watu wa kuyaanza wanakutana pale kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wakati malori yanaposhusha.